Kapu la Pili

Misa ikikaribia kwisha huja kipindi ambacho hakimo katika kitabu chochote cha liturujia, lakini hakuna parokia inayokikosa: matangazo. Mwenyekiti husimama na karatasi yake. Sadaka ya kwanza ya Jumapili iliyopita ilikuwa kiasi fulani, ya pili kiasi fulani. Jumuiya hii inaongoza kwa zaka, jumuiya ile inaombwa ijitahidi. Ukuta wa ukumbi umefika kwenye linta, sasa ni mabati, na kila familia imepangiwa chake. Kuna ziara ya askofu, kuna mchango wa seminari, kuna sare za kwaya, kuna basi la hija ya Subukia. Mwisho kabisa, watu wakiwa wameshaanza kuwatafuta watoto wao, husikika kwamba mwenye unga au nguo za kuwasaidia wasiojiweza anaweza kuziacha ofisini.

Nimeyasikia matangazo ya aina hii ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, huko Likoni, Kisauni na Changamwe, kwa Wakatoliki na kwa Waanglikana, na kwa makanisa ya Kipentekoste ambako karatasi huachwa na mchungaji husema kutoka kichwani, kwa muda mrefu zaidi. Mpangilio haubadiliki sana. Sidai kwamba waumini wa ng'ambo ya kisiwa ni wachoyo. Mtu anayelipa kodi ya chumba kimoja Mtongwe na bado akatoa bahasha ya zaka kila mwezi hana cha kufundishwa kuhusu utoaji. Ninachodai ni kidogo zaidi, na kinaudhi zaidi. Kanisa limejifunza kuandika vizuri sana upande wa anayetoa, na upande wa anayepokea limebaki bila kalamu.

Anza na pesa zinazopigiwa kelele. Tarehe 5 Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena katika harambee. Miezi 4 baadaye, Novemba 17, alikuwa katika Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, jijini Nairobi, akichanga. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza pesa zirudishwe: shilingi 600,000 zilizopewa kwaya na kikundi kingine cha parokia, milioni 2 za nyumba ya mapadri, pamoja na ahadi ya milioni 3 nyingine na basi. Uamuzi huo ulisifiwa, na ulistahili sifa. Lakini isome orodha hiyo tena polepole. Ina kwaya, ina nyumba, ina basi. Maskini hayumo. Pesa ziliporudi zilikotoka, hakuna mjane wa Kayole aliyelala njaa kwa sababu hiyo, maana hazikuwa zikienda kwake. Machi 2025 rais alitoa milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner, Roysambu, na hizo nazo zilikuwa za ujenzi.

Wanasiasa wa Pwani wana mazoea hayohayo, kwa viwango vya chini zaidi, na huwezi kuwalaumu kwa kukosa hesabu. Bati hung'aa juu ya paa kwa miaka, na likianza kutu aliyelitoa ameshachaguliwa mara mbili. Unga huliwa ukaisha Jumanne. Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson ole Sapit alipowazuia wanasiasa kuhutubia makanisani Septemba 2021, alifunga kipaza sauti, na maaskofu wa Kikatoliki wakamfuata. Hapakuwa na haja ya kufunga mlango wa pesa za maskini, kwa kuwa hakuna mheshimiwa aliyekuwa akipitia mlango huo.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Ugomvi wa kwanza wa ndani ya kanisa ulioandikwa, katika Matendo sura ya 6, haukuwa juu ya imani bali juu ya mgao: wajane waliosema Kigiriki walikuwa wakirukwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuhubiri juu ya subira. Waliagiza wachaguliwe watu 7 wa kusimamia kazi hiyo. Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakukubali kuubeba peke yake. Katika barua ya pili kwa Wakorintho anaeleza kwamba amefuatana na ndugu aliyeteuliwa na makanisa yenyewe, ili mtu asije akamnyooshea kidole kuhusu kitita hicho. Mtume aliyeandika barua nyingi za Agano Jipya aliona anahitaji shahidi wa hesabu. Kamati zetu za ujenzi huliona hitaji hilo kuwa dharau.

Mwaka 251 Kornelio, askofu wa Roma, aliandika barua iliyoorodhesha kanisa lake: mapadri 46, mashemasi 7, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 wanaolishwa. Wote wamo katika orodha moja. Maskini walihesabiwa kama sehemu ya taasisi, sawa na makasisi. Kufikia mwaka 494 Papa Gelasio anaandika juu ya mapato kugawanywa mafungu manne: la askofu, la makasisi, la majengo, na la maskini. Robo nzima. Leo kanuni hiyo ikisomwa katika mkutano wa baraza la parokia pale Mikindani, nadhani mweka hazina angeomba maji ya kunywa.

Majirani zetu Waislamu hawakuipoteza kanuni yao. Zaka ina kiwango, ina nisabu, yaani kima cha chini cha mali kinachoilazimu, ina mafungu 8 ya wanaostahili kupokea, na fukara na maskini ndio wa kwanza kutajwa. Sisemi kila mwenye mali Mombasa huitoa kama ilivyoandikwa. Ijumaa asubuhi utawaona wazee na akina mama wakivuka Likoni kwa feri, ambayo haimtozi anayekwenda kwa miguu, wakapite duka kwa duka wakipokea sarafu, na huo si mfumo, ni mwendo mrefu juani. Ila ukimwuliza Mwislamu wa kawaida zaka ni ya nani, atakujibu. Mwulize Mkristo wa kawaida fungu la kumi ni la nani, atakwambia ni la Mungu, na hapo ndipo ukaguzi unapokomea.

Kwa mtu wa Kisauni historia hii haiko Roma wala Yerusalemu. Iko Kengeleni. Pale kwenye njia panda, penye kengele inayopitwa na matatu siku nzima, palianzishwa Frere Town mwaka 1875, makazi ya watu waliookolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa utumwa. Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa ametia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara hiyo baharini mwaka 1873, kwa shinikizo la ujumbe ulioongozwa na Sir Bartle Frere. Manowari za Kiingereza zikawa zinakamata majahazi, na watu waliomo walihitaji pa kuteremkia. Chama cha Church Missionary Society (CMS) kikanunua ardhi mkabala na kisiwa, kikamtuma William Salter Price, naye akafanya kazi pamoja na Waafrika waliokuwa wamesomeshwa Nasik, India. Pesa zilitoka wapi? Zilitoka katika makapu ya parokia za Uingereza, kwa watu ambao hawangeiona Mombasa maisha yao yote.

Kwa hiyo mtaa huu wa Kisauni ulizaliwa na sadaka, na ulizaliwa na kasoro ya sadaka pia. Ripoti zilikwenda London. Magazeti ya misheni yaliwaeleza watoaji jinsi watoto walivyovishwa, jinsi walivyojifunza kusoma, jinsi mashamba yalivyochanua. Msomaji wa Kent alijua mengi kuhusu Frere Town. Mkazi wa Frere Town hakuletewa nakala. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi wa makazi hayo, J. R. Streeter, ambaye hakuwa kasisi, alikuwa akiwachapa watu viboko na kuwafunga, na mambo hayo yakaendelea hadi habari zilipofika kwa maafisa wa Kiingereza wa Zanzibar; ndipo akaondolewa. Wenye migongo iliyochapwa walikuwa karibu sana na ofisi. Hata hivyo ofisi ilisikia ilipoandikiwa kutoka mbali, kwa sababu iliwajibika kwa wa mbali.

Kuna kisa kimoja cha miaka hiyo ninachokipenda, ingawa wanahistoria wana sababu za kutilia shaka nia yake. Misheni za Rabai na Frere Town zilikuwa zimejaa watoro kutoka mashamba ya pwani, na wenye watumwa walitishia kuwafuata. George Mackenzie, wa kampuni ya Kiingereza iliyokuja kuchukua utawala wa Pwani, akakubaliana na mabwana walipwe fidia. CMS ikatoa sehemu ya pesa. Tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 walipewa uhuru rasmi. Ni kweli, pesa ziliingia mifukoni mwa waliokuwa wakiwamiliki, si mifukoni mwao, na kampuni ilikuwa ikinunua utulivu wa biashara yake. Lakini kila mtu aliondoka na hati. Katika historia yote ya makapu ninayoifahamu upande huu wa bahari, ni mara chache sana mpokeaji amepata karatasi.

Siku hizi karatasi anayo mtoaji, tena ya kidijitali. M-Pesa ilianza Machi 2007, na haikuchukua miaka mingi kabla namba ya Paybill haijabandikwa kwenye nguzo ya kanisa, karibu na Msalaba. Kisha ukaja Machi 2020, ibada zikafungwa kwa sababu ya korona, na kapu likahamia kabisa kwenye simu. Makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa Julai mwaka huo, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, saa moja tu, na asiingie aliye chini ya miaka 13 wala aliyezidi 58. Bibi wa miaka 60, ambaye ndiye hasa anayestahili kusaidiwa, alizuiwa langoni. Paybill haikuwa na kikomo cha umri.

Sina ugomvi na Paybill. Imepunguza mikono inayogusa noti njiani, jambo ambalo peke yake ni ibada. Kila shilingi inayoingia ina saa, ina jina, ina namba ya simu. Tatizo ni kwamba taarifa hiyo husomwa upande mmoja. Parokia inaweza kukwambia dakika uliyotuma shilingi 200 mwezi wa pili. Haiwezi kukwambia kwa robo ya mwaka ni kiasi gani kilifika nyumba isiyo na chakula. Si lazima pawe na wizi. Mara nyingi hakuna wizi wowote, hakuna fungu tu. Maskini hupewa kutoka "nyinginezo", na nyinginezo huliwa na jenereta.

Hapa itabidi nitaje mahubiri ya mjane wa senti mbili, kwa maana hakuna harambee inayopita bila yeye. Huletwa kila mara kama mfano wa mtoaji: hakuwa na kitu, akatoa vyote, nawe mwenye mshahara unatoa hamsini. Msomaji wa Injili ya Marko sura ya 12 aliye na subira ya kurudi nyuma mistari michache atakuta kwamba mara tu kabla ya mjane huyo kutokea, Yesu anawakemea waandishi wa sheria wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Halafu mjane anaingia, anatumbukiza riziki yake yote katika hazina ya hekalu. Huenda ni sifa. Huenda pia ni ushahidi wa mashtaka yaliyotangulia. Wahubiri wetu wengi huanzia mstari wa 41, na sidhani ni kwa kukosa nafasi.

Mjane huyo yuko Changamwe, na kapu hupita mbele yake kila Jumapili. Mtaa huo ulijengwa na bandari, reli na mafuta. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilisimamisha kazi mwaka 2013. Reli ya SGR ilipoanza kubeba mizigo mwaka 2018 na serikali ikaagiza makasha yapande reli, waliopata hasara hawakuwa wenye malori peke yao: walikuwa matanboi, mafundi wa tairi, wapiga chapa wa ofisi za forodha, wanawake wa vibanda vya chakula, na wenye nyumba waliowapangisha wote hao. Agizo liliondolewa Septemba 2022. Kwa miaka hiyo, nyumba zilizokuwa zikileta bahasha zilianza kuruka mwezi, kisha miezi.

Na hapa ndipo mfumo unapojifichua. Mtu anapoanguka kiuchumi, kumbukumbu ya kwanza inayomnasa kanisani si ya msaada. Ni ya malimbikizo. Jina lake lipo parokiani, limeandikwa kwa mwandiko mzuri, katika safu ya wasioleta. Jumuiya yake "inaombwa ijitahidi". Na zipo sehemu, sitazitaja, ambako familia iliyofiwa huulizwa kadi ya zaka ya marehemu kabla ya kuulizwa atazikwa lini. Kiongozi atakueleza kwamba kadi ni ya kuthibitisha ushiriki tu. Marehemu kwa kawaida hana pingamizi.

Ingekuwa habari imeishia hapo, ningesema kanisa limeshindwa, na ningekuwa nimesema uongo. Kwa sababu chini ya karatasi ya matangazo kuna kitu kingine kinachofanya kazi bila kusomwa. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, waliamua katika miaka ya 1970 kwamba parokia zijengwe juu ya jumuiya ndogondogo. Leo jumuiya ni nyumba kadhaa za mtaa mmoja, hukutana kwa zamu, leo kwa fulani, wiki ijayo kwa mwingine, watu wamebanana kwenye viti vya plastiki na mkeka. Wanasoma Injili, wanazungumza, wanachanga kidogo. Kisha mama mmoja anasema, "Mama Karisa sijamwona wiki mbili." Hilo tu. Kesho yake watu wawili wanakwenda, wanakuta amelala na mguu umevimba, wanarudi na habari. Mtu anatoa nauli ya kwenda hospitali ya Port Reitz, mwingine anamchukua mtoto akale kwake. Akina mama wa CWA, chama cha wanawake Wakatoliki, na wa Mothers' Union kwa Waanglikana, wamebeba mzigo huu kwa miaka bila kipaza sauti.

Nguvu ya jumuiya ni kwamba haiwezi kudanganywa kirahisi. Kila mtu anajua nani hana na nani anajifanya hana. Udhaifu wake unatoka palepale. Inamwona aliyemo. Kijana aliyetoka bara kutafuta kibarua, analala watu 5 chumba kimoja Bombolulu na hajajiandikisha popote, haonekani. Aliyegombana na mwenyekiti haonekani. Jirani Mwislamu wa mlango wa tatu huonekana au asionekane kulingana na moyo wa mtu, si kulingana na utaratibu. Na wapo wanaoacha kuja hasa kwa sababu wamefilisika, maana kukaribisha jumuiya nyumbani kwataka chai, na chai yataka sukari. Aibu huwaondoa mapema kuliko njaa.

Juu ya jumuiya kuna kampeni. Kwaresima huja na kijitabu cha Haki na Amani cha maaskofu, chenye mada ya kila wiki, na mchango wake. Tangu 2017 kuna Siku ya Maskini Duniani, aliyoianzisha Papa Fransisko, Jumapili moja ya Novemba. Maskini hualikwa kula. Yote ni mema, na yote yana tarehe ya kumalizika.

Likoni imeonyesha kwamba kanisa linaweza kufanya makubwa pasipo tangazo. Agosti 1997, baada ya kituo cha polisi kuvamiwa usiku wa tarehe 13 na watu wa kutoka bara kuanza kuwindwa majumbani, maelfu walikimbilia uwanja wa kanisa Katoliki. Hakuna aliyeulizwa kadi. Machi 23, 2014, watu wenye bunduki waliwafyatulia risasi waumini wa kanisa la Joy in Jesus wakiwa ibadani, wakaua. Baada ya hapo makanisa ambayo hayakuwahi kuwa na gharama ya ulinzi yalianza kuwa nayo: askari langoni, kifaa cha kupekulia, mshahara wa kila mwezi. Ilionekana ni lazima, na pesa zikapatikana.

Hata hivyo sidai robo ya Gelasio. Ingeacha kumbi nyingi bila paa, na mvua ya masika ya Mombasa haijali historia ya kanisa. Sitaki pia majina ya wanaosaidiwa yasomwe. Nataka namba: mwezi huu kiliingia kiasi gani kwa ajili ya maskini, kilitoka kiasi gani, kilifika nyumba ngapi, na ngapi kati yake hazina mtu katika jumuiya yoyote. Isomwe mapema, kabla ya mabati. Hujibiwa kwamba itawaaibisha wahitaji. Namba haina jina. Kama kuna atakayeona haya, atakuwa yule aliyeshika kipaza sauti, na mwezi unaofuata atakuwa na sababu ya kuja na namba nyingine.

Fomu ya hesabu ya parokia tayari ina mistari ya umeme, maji, divai, hostia, ulinzi na petroli ya gari la padri. Nafasi ya mstari mmoja chini ya petroli ipo. Haihitaji hata kuchapishwa upya.